Kozi ya Simu Bila Simu ni Wizi

Wacha nianze na swali. Mtu akikuuzia kozi ya udereva ya miezi sita, akuchoree usukani ubaoni, akupe noti za gia, akutahini kwa kalamu na karatasi, halafu akukabidhi cheti bila wewe kukalia kiti cha dereva hata siku moja, utamwita mwalimu? Zii. Utamwita mwizi, na utapiga nduru majirani watoke.

Sasa mbona kozi za mapokezi na huduma kwa wateja zinatufanyia hivyo hivyo kuhusu simu na sisi tumenyamaza?

Dadangu mdogo alisomea mapokezi katika chuo kimoja hapa mjini. Sitakitaja, maana nikikitaja mtadhani shida ni chuo kimoja. Alisoma somo zima la kupokea simu. Noti ziko nyumbani, nimezisoma: tabasamu kabla ya kuinua mkono wa simu, simu isilie zaidi ya mara tatu, jitambulishe, taja ofisi, andika ujumbe pamoja na saa. Noti poa kabisa. Mtihani akapita vizuri. Simu yenyewe aliiona imechorwa kwa chaki.

Akaitwa intavyu. Mama wa ofisi, mtu mzima mpole, akamkalisha mbele ya simu ya mezani yenye vitufe vingi. "Msichana wangu, nitakupigia kutoka chumba cha pili nijifanye mteja. Nipokee, halafu unihamishie kwa mhasibu." Simu ikalia, akapokea, salamu zikatoka moja moja kama alivyokariri. Akasema, "Nisubiri kidogo, madam." Akabonyeza kitufe. Simu ikakatika.

Wakampa nafasi ya pili. Apigie meneja ambaye hayuko, amwachie ujumbe. Mashine ikapokea, ikaongea Kiingereza chake, ikalia mlio. Dadangu akasema, "Haloo? Haloo?" Akapumua. Akakata.

Mama yule akamwambia, "Sawa mama, tutakupigia." Nyote mnajua maana ya hiyo sentensi.

Alipofika nyumbani alisema neno moja ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Mimi ni mjinga." Hapana. Mjinga ni nani kati ya aliyelipa karo akafundishwa simu ya chaki, na aliyepokea hiyo karo?

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Kizazi chetu hakikulelewa na simu ya mezani. Mwaka 1999 lile shirika la zamani la posta na simu liligawanywa, Telkom ikaenda kivyake na Posta kivyake. Mwaka uliofuata Safaricom na KenCell zikaingia kwa kishindo, na baada ya hapo waya za shaba zilizobaki kwenye nguzo wezi wakazifanya shamba lao. Sisi tumekua na kuflash. Tumekua na ile sauti ya dada, "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa," na tukiisikia tunakata mara moja kabla kredo haijaguswa. Hakuna aliyetufundisha kuongea na mashine inayongoja.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye komenti, "Lakini si tunatuma sauti WhatsApp kila siku?" Buda, si kitu kimoja. Kule WhatsApp unaongea na mtu anayekujua, ukikosea unafuta, unarudia, unacheka katikati. Kwenye sanduku la sauti la ofisi unaongea na mtu ambaye hajawahi kukuona. Ndani ya nusu dakika anatakiwa ajue wewe ni nani, unataka nini, akupigie namba gani na saa ngapi. Ukisahau kutaja namba, hujaacha ujumbe, umeacha kelele. Huo ni ujuzi, na kama ujuzi mwingine wowote unashikwa kwa kufanya.

Hasira zangu ziko hapa: kufanya mazoezi haya hakuhitaji laini ya kampuni yoyote, wala kredo, wala bando. Kuna kitu kinaitwa simuleta ya laini ya simu. Ni mtambo mdogo unaoidanganya simu ya mezani iamini kwamba imeunganishwa na kituo cha simu, kumbe imeunganishwa na kompyuta iliyo chini ya meza. Nimeiunda mwenyewe sebuleni kwetu. Sikusomea uhandisi. Kazi yangu ni kutengeneza video.

Simu ya mezani yenyewe ni mnyama rahisi. Ikiwa imetulia, laini huwa na umeme wa volti 48 hivi. Ukiinua mkono wa simu, mkondo unaanza kupita, volti zinashuka, kituo kinajua kuna mtu na kinakupa ule mlio wa "tuuu". Ukibonyeza tarakimu, simu inatoa sauti mbili kwa pamoja. Namba 5, kwa mfano, ni hertz 770 na hertz 1336. Kituo kinazisikia na kujua umebonyeza nini. Simu inapoitwa, kituo kinasukuma umeme wa kama volti 90 unaopanda na kushuka mara 20 hadi 25 kwa sekunde, kengele inalia. Kwa hivyo usishike waya uchi simu ikilia. Haitakuua ukiwa mzima, lakini itakuuma na utaitupa.

Hayo yote kituo kilikuwa kinayafanya kwa betri zake, ndiyo maana wazee wetu walipiga simu hata stima ikipotea. Siku hizi yanafanywa na kijisanduku kinachotosha kiganjani kiitwacho adapta ya simu. Mimi nilichukua Grandstream HT802, yenye matundu mawili ya simu, mtumba, kwa shilingi 4,500. Ukienda kununua, uliza herufi tatu tu: FXS. Tundu la FXS ndilo linaloipa simu uhai. Kuna jingine linaitwa FXO, hilo kazi yake ni kupokea laini ya nje. Ukiuziwa la FXO peke yake, simu yako itakaa kimya kama jiwe na utadhani imekufa.

Simu zenyewe nilizipata kwa wauza mitumba ya vifaa vya ofisi, mbili kwa shilingi 800. Chukua za kubonyeza. Zile za kuzungusha kidole ni nzuri kwa picha, lakini si adapta zote zinazielewa.

Kompyuta nilitumia ile ya zamani iliyokuwa imefunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu. Nikaiwekea Linux, kisha programu inayoitwa Asterisk. Hii programu ilianzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, kisa na maana alikuwa na kampuni changa na hakuwa na pesa za kununua mtambo wa simu wa ofisi, akaamua kujiandikia wake. Ni ya bure mpaka leo na ofisi nyingi duniani zinaendesha simu zao kwayo. Yaani mtoto wa Dandora anaweza kufanya mazoezi kwenye programu ile ile inayobeba simu za ofisi ya kweli. Hapo ukiniambia "hatuna vifaa" nitakutazama tu.

Kuiunganisha kulinichukua wikendi mbili, na nusu ya huo muda nilipotezea makosa yangu mwenyewe. Nawapa njia iliyonyooka.

Kwanza, kompyuta na adapta ziende kwenye ruta moja. Ruta isiwe na intaneti, haina haja. Pili, ndani ya Asterisk unaunda namba za ndani: 101 ya mapokezi, 102 ya mhasibu, 103 ya meneja. Kila moja na neno lake la siri. Hizo za 101 na 102 unaziandika pia ndani ya adapta, moja kwa kila tundu. Namba 103 niliiweka kwenye simu ya mkononi kupitia programu ya bure ya Linphone, kwa waifai. Tatu, unaandika kanuni ya kupiga: mtu akipiga 103, ilie kwa sekunde 20, na ikikosa kupokelewa mpigaji apelekwe kwenye sanduku la ujumbe la 103. Nne, unalipa sanduku hilo namba ya siri, na unachagua namba ya kupiga ili kusikiliza ujumbe. Mimi nilichagua nyota 97, maana mitambo mingi ya ofisi inaitumia hiyo. Basi. Piga 103, usipokee, ngoja mlio, ongea, kata. Ujumbe unakaa kwenye kompyuta kama faili ya kawaida ya sauti, unaweza kuucheza darasa zima likisikia.

Makosa yangu mawili, ili msiyarudie. La kwanza, niliuchomeka waya wa simu kwenye tundu la mtandao. Kichwa chake ni kidogo, kinaingia kikilegea, na nikakaa jioni nzima nikilaumu programu. La pili, sanduku liliniuliza namba ya siri, nikaibonyeza sawasawa, likaniambia nimekosea, mara tatu. Kumbe adapta na kompyuta hazikuwa zimekubaliana namna ya kupeleka tarakimu. Nikachagua RFC 2833 upande wa adapta, na upande wa Asterisk nikachagua ndugu yake mpya RFC 4733, zikaelewana.

Na kuna raha moja ambayo sikuitegemea. Mashine ya Asterisk inakuja na sauti ya Kiingereza. Lakini zile sauti ni faili tu. Dadangu alijifunga blanketi kichwani ili mwangwi usiingie, akarekodi: "Tafadhali acha jina lako, namba yako na ujumbe wako baada ya mlio." Tukaweka faili kwenye folda ya Kiswahili, tukaiambia namba 103 lugha yake ni Kiswahili. Nilipopiga nikamsikia mdogo wangu akinikaribisha kama mtambo wa ofisi kubwa, nilicheka mpaka machozi. Yule aliyeogopa mashine sasa ndiye mashine.

Tulifanya mazoezi kila jioni kwa wiki tatu. Majirani wawili wakajiunga, wote wamemaliza kozi kama yake, wote hawajawahi kuhamisha simu. Mimi nilikuwa mteja. Nikawa mteja mwenye haraka, mteja anayenong'ona, mzee anayetaja namba ya simu kwa kurudi nyuma na mbele, mama anayelia kwa sababu pesa zimeenda kwa namba isiyo yake. Wanamweka mteja kwenye kusubiri, wanampigia mhasibu, wanamweleza kwa ufupi, wanahamisha. Ikikatika, wanarudia. Kukata simu ya anko yenu sebuleni hakumfukuzi mtu kazi.

Halafu tulikuwa tunacheza ujumbe waliouacha. Hapo ndipo kuna shule. Hakuna mwalimu anayeweza kukuambia "unaongea haraka" ukamwamini kama unavyojiamini mwenyewe ukijisikia. Jirani mmoja alitaja namba yake ya simu kwa pumzi moja, tarakimu kumi kama treni ya SGR. Tukampa kalamu, tukamwambia, "Iandike." Hakuweza kuandika namba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo anaitaja kwa vipande vitatu na kuirudia.

Sasa nije kwa wale wenye pingamizi, maana nawajua.

Mmesema simu za mezani zilipitwa na wakati. Nendeni mapokezi ya hospitali. Nendeni hoteli yoyote ya maana Mombasa, sako yoyote, ubalozi wowote. Kile kidude chenye vitufe pale mezani ni nini, pasi? Na hata pale kilipoondolewa, kazi ya kupokea simu imehamia kwenye kompyuta na vipokea sauti vya kichwani, na bado ni kusubirisha, kuhamisha na kuacha ujumbe. Wapigaji wa Marekani na Uingereza wamezoea masanduku ya sauti tangu zamani. Tunataka kazi zao za simu zije hapa kwetu, na wakati huo huo tunasema sanduku la sauti ni kitu cha babu.

Mmesema simuleta ni ghali. Ni kweli, kuna zile zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo hiyo, zinauzwa ng'ambo kwa dola, na sitawaambia mzinunue. Ila mimi nimewaonyesha yangu: adapta, simu mbili, kompyuta ya kutupa. Pamoja na ruta niliyokuwa nayo sikufika shilingi 6,000. Hesabu karo ya mwanafunzi mmoja, kisha uniambie chuo kimeshindwa.

Mmesema wanafunzi wanaweza kutumia simu zao. Kwa kredo ya nani? Na simu yako ya mkononi itakufundisha lini kumhamishia mteja kwa mhasibu?

Mmesema walimu hawajui mambo ya Linux. Hili nalielewa, na sitawacheka walimu. Mwalimu wa mapokezi hakuajiriwa kuwa fundi. Lakini vyuo vingi vinavyofundisha mapokezi vina darasa la kompyuta ukuta wa pili, na vijana wa pale wanatafuta mradi wa kumalizia kozi. Wapeni huu. Hao wapate mradi, hawa wapate simu. Inahitaji tu mkuu wa chuo afungue mlango wa katikati.

Nitakubali mambo mawili, ili msiseme nauza dawa ya kila ugonjwa. Simuleta haitaongeza mshahara wa anayepokea simu, na haitamfanya bosi mbaya awe mzuri. Na sauti za watu si mchezo. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda data, na sauti yako ukitaja jina na namba ni data yako. Kwa hivyo darasani tumieni majina na namba za kubuni, na somo likiisha futeni. Pia msiunganishe mtambo huu na intaneti ovyo. Kuna watu usiku na mchana wanatafuta mitambo ya Asterisk iliyoachwa wazi wapige simu za ng'ambo kwa gharama ya mwenyewe. Ukibaki ndani ya ruta yako isiyo na laini ya nje, hawana pa kuingilia.

Lakini hilo la msingi silegezi kamba. Ukichukua karo ya kumfundisha mtu kupokea simu, mpe simu ilie. Chochote chini ya hapo ni kumuuzia mtoto wa watu cheti cha kuogelea alichopata akiwa amesimama kando ya bwawa. Na anayezama siku ya intavyu si mwenye chuo.

Wewe unayetaka kujiandikisha Januari, usiulize kwanza karo ni ngapi au sare ni rangi gani. Ingia hadi darasani na uulize, "Simu iko wapi?" Wakikuonyesha, inua mkono wake. Ukisikia "tuuu", lipa. Ukisikia kimya, salimia kwa heshima na uondoke. Na wewe mzazi, karo ni yako, kauliza pamoja na mtoto. Mkiwa wengi wa kuuliza, hizo simu zitapatikana haraka kuliko mnavyodhani.

Dadangu ana intavyu nyingine Alhamisi. Sijui itakwendaje, na hata akikosa nitaandika hivi hivi. Juzi nilikuwa nasafisha sanduku la 103, nikafika kwenye ujumbe wa kwanza kabisa alioacha, ule wa siku ya kwanza sebuleni. Ni sekunde tisa za kupumua na "haloo" moja. Nilitaka kuufuta, akanizuia. Akaketi pale kwenye 101, akapiga, akangoja nisipokee, na baada ya mlio akasema jina lake, ofisi yake ya kubuni, sababu ya kupiga, namba kwa vipande vitatu, akairudia, akasema asante, akakata.

Sekunde 22. Nimezihesabu. Chuo kilikuwa na miezi sita.